Kinyama cha tumboni hakingoji karo

Mama mmoja wa Nanyuki ameniandikia akiwa na wasiwasi. Mumewe, mwenye umri wa miaka 54, aliona damu chooni. Kwa miezi mingi alitumia dawa za bawasiri alizojinunulia, bila nafuu. Hatimaye alikwenda Nairobi, akapimwa utumbo mpana kwa mpira mwembamba wenye kamera. Vilionekana vinyama vitatu. Viwili vidogo daktari alivikata papo hapo. Cha tatu kilikuwa kikubwa, akamtaka arudi baada ya majuma machache.

"Sasa baba watoto anasema atarudi mwakani, karo ikisha kulipwa," aandika mama huyo. "Hana maumivu yoyote. Je, kuna hatari?"

Mama, hatari ipo. Vinyama hivyo, ambavyo madaktari huviita polipu, huota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Vingi havigeuki kuwa saratani. Lakini saratani nyingi za utumbo mpana huanzia humo, polepole, aghalabu kwa miaka kumi hivi. Kadiri kinyama kinavyokua ndivyo hatari inavyozidi. Tena kwa kawaida haviumi. Basi kukosa maumivu si dalili ya uzima.

Zamani kuviondoa kulihitaji kupasua tumbo. Mwaka wa 1969, mjini New York, madaktari William Wolff na Hiromi Shinya walianza kupitisha kitanzi cha waya ndani ya mpira huo na kukikata kinyama humo humo. Mwaka wa 1993 watafiti wa Marekani waliofuatilia wagonjwa 1,418 waliokatwa vinyama walieleza kuwa saratani ilipungua kwa asilimia 76 hadi 90 kuliko ilivyotazamiwa.

Mtu aweza kungoja kwa muda gani? Mwaka wa 2017 ulitolewa Marekani uchunguzi wa watu zaidi ya 70,000 ambao choo chao kilipimwa kikaonyesha damu isiyoonekana kwa macho. Waliopimwa utumbo mapema na waliongoja hadi miezi tisa hawakutofautiana sana. Waliopitisha miezi kumi ndio waliopatikana na saratani zaidi. Lakini mumeo asiifanye miezi hiyo kuwa ruhusa. Yeye kinyama chake kimeshaonekana, na ni kikubwa. Afuate siku aliyopewa.

Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka wa 1971 kwamba Waafrika wa mashambani waliupata ugonjwa huu kwa nadra, kwa sababu ya vyakula visivyokobolewa. Githeri na mboga bado ni kinga njema. Lakini siku hizi wengi wetu tunakula mkate mweupe na nyama choma, tukaongeza sigara na pombe. Hatuwezi tena kusema ni ugonjwa wa Wazungu.

Mama, zungumza na mumeo kwa upole, na mkaombe shule iwape muda wa karo. Watoto wenu nao, wakiwa watu wazima, wamweleze daktari habari za baba yao, kwani huenda wakahitaji kupimwa mapema. Na wewe msomaji, ukiona damu chooni usijitibu bawasiri kwa kukisia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.