MASHAURI YA VYOMBO: Nafasi za Vali Zipimwe Nyumbani au Gereji?

Injini ya pikipiki inayogongagonga humtia mwenyewe hofu, na iliyo kimya humtia raha. Katika habari ya vali, mara nyingi yafaa iwe kinyume. Vali yenye nafasi kubwa kupita kiasi hupiga kelele na kupunguza nguvu, lakini hutoa onyo. Vali iliyobanwa haisemi neno, nayo ndiyo iunguayo.

Sababu yake ni hii. Injini ya pikipiki nyingi za kazi ina vali mbili: moja huingiza petroli iliyochanganyika na hewa, na ya pili hutoa moshi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 50 kwa sekunde. Chuma kikipata moto hutanuka, kwa hiyo watengenezaji huacha nafasi ndogo baina ya ncha ya vali na mkono uibonyezao. Nafasi hiyo ikitoweka, vali haifungi sawasawa. Vali ya moshi hupoa hasa inapokaa katika kiti chake. Isipokaa haipoi, na mwishowe ukingo wake huungua. Hapo pikipiki hukataa kuwaka, hushindwa na mlima, na mwenye kubeba abiria au maziwa hukaa bila chumo mpaka silinda ifunguliwe na vali mpya inunuliwe.

Basi ni nani aipime nafasi hiyo? Wako wasemao kwamba kazi ya fundi aachiwe fundi. Neno hilo lina haki yake, lakini kazi hii ina sharti ambalo gereji yenye haraka hulivunja kwa urahisi: injini iwe baridi kabisa. Mteja hufika akiwa amepanda pikipiki ile ile, injini ikiwaka moto, na nyuma yake wengine wanangoja. Fundi akifungua papo hapo na kurekebisha kwa sikio, kipimo hicho sicho kilichoandikwa kitabuni. Nyumbani, injini imepoa usiku kucha bila malipo yo yote.

Vyombo vitakiwavyo ni vichache: spana, bisibisi, na seti ya vipande vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Kila pikipiki ina kipimo chake, na kitabu chake ndicho hakimu. Kwa Honda CG125, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1970 na ambayo injini yake imeigwa na viwanda vingi vya China, nafasi ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ni nene kuliko hiyo.

Alfajiri, mwenye pikipiki hutoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, kisha hufungua kifuniko cha vali na vifuniko vya kando. Huzungusha injini kwa spana, kwa upande ule ule ambao huzunguka siku zote, mpaka alama ya T ielekeane na alama iliyo ubavuni. Asiichanganye na alama ya F, ambayo ni ya kuwasha moto wa plagi. Kisha hutikisa mikono ya vali kwa vidole. Yote miwili ikicheza kidogo, mahali ni penyewe. Mmoja ukikaza, injini izungushwe tena mzunguko mmoja kamili.

Kipande cha 0.08 kipite kwa kukwaruza kidogo, na cha 0.10 kikatae. Isipokuwa hivyo, nati hulegezwa na skrubu kugeuzwa kidogo kidogo. Kisha skrubu hushikwa imara nati ikikazwa, kwa maana nati ikikazwa hupenda kuivuta skrubu pamoja nayo. Kwa sababu hiyo hapana budi kupima mara ya pili. Wengi huiacha hatua hii, na kazi yao yote huwa bure. Nati ni ndogo: isikazwe kwa nguvu za kupigia jembe.

Hata hivyo, si kila pikipiki ni ya kufunguliwa uani. Ziko zisizokuwa na skrubu, ambazo hurekebishwa kwa kubadili visahani vya chuma, na mara nyingi ni lazima shafti ya juu itolewe. Hizo zapasa kupelekwa kwa fundi aliye na vifaa vyake. Mwenye kutumia gereji naye anaweza kupata kazi njema: aiache pikipiki huko usiku mmoja, na aombe kuambiwa vipimo vilivyokutwa kabla ya kurekebishwa.

Vipimo hivyo viandikwe katika daftari, pamoja na tarehe na kilomita. Mali bila daftari huisha bila habari. Nafasi ya vali ya moshi ikionekana kupungua kila ipimwapo, hiyo ni dalili kwamba vali inazama katika kiti chake, na hakuna skrubu itakayoponya hayo. Huo ndio wakati wa kumlipa fundi kwa moyo mweupe, kabla vali haijaungua.