MVUVI NAYE NI MFANYAKAZI

Ndugu wanachama,

Wengine wenu husema, "Mvuvi hana bosi, ni mtu huru baharini." Si kweli. Toka Vanga mpaka Kiunga wako wavuvi wengi wanaovua kwa chombo na jarife la tajiri. Samaki wakishuka, chombo kinachukua fungu lake, jarife fungu lake, na mabaharia wanagawana kilichobaki. Tena samaki hao lazima wauzwe kwa tajiri yule yule, kwa mizani yake na kwa bei yake.

Kwa nini wasiuze kwingine? Ni deni. Kusi ikivuma sana, Juni mpaka Agosti, vyombo vidogo vingi havivuki mwamba, na nyumbani watoto wanataka kula. Ndipo tajiri hukopesha unga. Kaskazi ikirudi mvuvi analipa kwa samaki, na deni haliishi. Je, huo ndio uhuru?

Sheria haikukataza umoja. Kanuni za serikali za 2007 ziliwapa wavuvi nafasi ya kuunda BMU zenye kamati za kuchaguliwa. Lakini chama kisicho na mizani yake wala barafu yake ni jina tu. Samaki asiye na barafu hangoji bei.

Basi wavuvi, anzeni na mizani, kisha barafu, kisha akiba ya miezi ya kusi. Nasi wa bandarini na viwandani, tuliopigania mishahara yetu, tuwasaidie kuweka hesabu. Anayetoka jasho ni mfanyakazi, awe nchi kavu au majini.

Umoja ni nguvu!