Lambo linalojaa haraka si habari njema

Mvua za kwanza zikishapiga wilayani Nzega, habari inayokimbia kijiji hadi kijiji ni kwamba lambo limejaa. Mvua mbili tatu tu, na maji yamefika ukingoni. Mfugaji aliyeswaga ng'ombe kwenye vumbi miezi sita ana kila sababu ya kushangilia. Lakini maji hayo hayakuanguka ndani ya lambo. Yaliangukia malisho yaliyo juu yake, na malisho yakayaachia. Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni lita 10,000, kwa hiyo mvua nzuri ya milimita 30 humwaga lita 300,000 kwenye hekta hiyo. Nusu yake ikiteremka, zimeondoka lita 150,000, maji ya kunywesha ng'ombe 100 kwa siku 50, kila mmoja akinywa lita 30. Hiyo ni hekta moja na mvua moja. Tena maji hayo hayaondoki mikono mitupu: hubeba udongo wa juu, ndiyo maana malambo yetu huzibwa na tope. Nasema wazi kwamba sehemu ya ukame tunaoulalamikia huanzia kwenye udongo wa malisho ulioacha kunywa, na fedha tunazozika kwenye malambo mapya hazitadumu mpaka udongo huo utengenezwe kwanza.

Kata ya Lusu, wilayani humu, inafahamika nchini kwa dhahabu, kwa sababu ya mgodi wa Golden Pride ulioanza kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa katika miaka ya 2010. Hazina ninayoizungumzia, yaani udongo wenyewe, haihitaji mtambo kuifikia. Ardhi ya Nzega imejipanga kwa mteremko. Juu, karibu na miamba ya matale, upo udongo wa kichanga ambao Wanyamwezi na Wasukuma huuita luseni. Ukishuka unakutana na itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu kama sakafu chini yake. Bondeni kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika hadi maji hayapati pa kupenya. (Kwa wasomaji wa mijini mbuga ni mahali pa kutazama wanyama, huku neno hilo bado ni jina la udongo.) Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliuita mpangilio wa namna hii katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na wataalamu wa dunia nzima wakalichukua kutoka Afrika Mashariki. Wenyeji walikuwa wameshazipa jina pete zote za mnyororo huo.

Udongo usiotuamisha maji hautambuliwi kwa maabara pekee. Chimba shimo la kufika goti. Ukikuta rangi nyekundu au ya kahawia iliyo sawasawa hadi chini, hapo hewa inapita, maji hushuka, na chuma kilichomo kwenye udongo kimepata hewa kikapiga kutu. Ukikuta kijivu chenye madoa ya rangi ya kutu, ujue maji husimama hapo kila masika na mizizi hukosa pumzi. Lakini shimo linaeleza tabia ya udongo wa ndani tu. Mambo mengi huamuliwa juu kabisa, kwenye unene wa ukucha. Tazama luseni iliyochungwa ikabaki tupu: matone ya mvua yameponda chembe zake, vumbi laini limeziba matundu, jua likakausha, na sasa juu pana ngozi ngumu inayobanduka vipande vipande kama ukoko wa wali. Chini ya ukoko huo kuna mchanga mkavu, wenye nafasi tele ya maji, na maji yanapita juu yake yakielekea korongoni. Udongo wa kichanga uliofunikwa na majani unaweza kunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa. Ukishafungwa na ngozi hiyo unaweza kushindwa hata 10.

Hapa ndipo penye hoja yangu yote. Kutotuamisha maji si zawadi ambayo mchanga unayo milele. Ni kazi inayofanywa kila siku na viumbe. Mashina ya nyasi za kudumu hupunguza mwendo wa maji. Mizizi yake inapokufa huacha mirija. Mchwa, ambao tunawajua zaidi kwa kula nguzo za nyumba, hutoboa njia kutoka juu hadi chini na kuburuta majani makavu kuyaingiza ardhini. Ondoa majani, mchwa hawana chakula. Waondoke mchwa, mirija inaziba. Kisha kwato za ng'ombe wanaopita njia ile ile asubuhi na jioni zinashindilia kilichobaki. Baada ya hapo zinaota nyasi za msimu, zinazochipua haraka, kukauka haraka na kumwacha mfugaji bila kitu ifikapo Agosti.

Wazee wa ukanda huu walipanga maisha yao kwa kufuata mnyororo huo. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, walikuta mji wa biashara uliotegemea miguu ya wapagazi wa Kinyamwezi, na kwa watu hao kiangazi kilikuwa msimu wa safari na masika msimu wa jembe. Speke alielekea kaskazini Julai 1858, nchi ikiwa kavu, akaliona Ziwa Nyanza kabla ya wiki ya kwanza ya Agosti kwisha. Njia hiyo hiyo masika ingemkutanisha na mbuga zinazomeza mguu hadi gotini. Mifugo nayo ilifuata kalenda ya udongo: mvua ikinyesha hukaa juu penye kichanga, kiangazi hushuka mbugani, ambako mfinyanzi hutunza unyevu na majani hubaki mabichi muda mrefu.

Mtaalamu wa kilimo atanipinga kwamba luseni ni udongo maskini: mboji kidogo, rutuba kidogo, maji yakiingia yanapita. Ni kweli, kama unataka mahindi. Nyasi za kudumu zina mizizi mirefu kuliko mahindi, na hazidai mbolea ya dukani. Tena mboji huongezeka pale panapobaki majani ya kuoza, na mboji ndiyo inayoufanya mchanga ushike maji kidogo zaidi. Mkulima wa mpunga ana pingamizi zito zaidi. Majaluba yake yako kwenye itogolo, udongo ambao thamani yake yote ni kutuamisha maji, na anategemea yale yanayoteremka kutoka malishoni. Malisho yakinywa, yeye atakula nini? Pingamizi hilo naliheshimu, na sitaki mtu aniambie kwamba nautaka kila udongo wa Nzega uwe wa kupitisha maji. Lakini mpunga hauhitaji gharika ya saa mbili inayobomoa matuta na kufunika miche kwa mchanga. Unahitaji maji yanayofika taratibu, na mteremko wenye majani huyaleta taratibu, hata kama kwa jumla ni machache. Jaluba lililofukiwa mchanga halina hesabu ya kilo za mpunga.

Wengine watasema tatizo ni wingi wa ng'ombe, wapunguzwe. Wingi ni tatizo, ila jirani zetu wa Shinyanga wanaonyesha kwamba si la kwanza kushughulikiwa. Miti ya mkoa ule ilifyekwa kwa miongo mingi, ili kuondoa mbung'o na baadaye kulima pamba, hadi ukaitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 na kufufua desturi ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikali. Mwaka ule ngitili zilizobaki zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita 300,000. Mkoa haukuacha kufuga. Kilichobadilika ni nani anakanyaga wapi, na lini.

Swali gumu ni la mfugaji mwenyewe: masika mbuga ina maji, itogolo imelimwa mpunga, ukifunga luseni ng'ombe niwapeleke wapi? Kufunga yote haiwezekani, na anayeagiza hivyo kutoka ofisini atavunjiwa uzio usiku wa kwanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na mpango wa matumizi ya ardhi unaweza kuandikwa kwa kufuata mteremko badala ya kuwapa wafugaji kilichobaki baada ya wakulima kuchagua. Ifungwe theluthi ya luseni kwa misimu miwili, kisha theluthi nyingine, kuanzia ile iliyo moja kwa moja juu ya lambo. Kabla ya kufunga, kamati izamishe kidogo ardhini kopo lisilo na kitako, imimine lita moja ya maji, ihesabu dakika mpaka yaishe, na iandike namba hiyo kwenye daftari la kijiji. Baada ya masika ya pili irudi pale pale na kopo lile lile, mbele ya mkutano, ihesabu upya.