Riwaya Zisiishie Chumba cha Mtihani

Kila mwaka, mara tu mtihani wa kidato cha nne unapomalizika, riwaya zilizoteuliwa hushuka hadhi kwa kasi ya ajabu. Kitabu kilichokumbatiwa kifuani mwaka mzima husukumwa uvunguni mwa kitanda, au huuzwa kwa bei ya kutupa kwa wachuuzi wa vitabu vikuukuu. Mwanafunzi aliyeweza kuzitaja sifa sita za kila mhusika hana hata haja ya kujua mtunzi yule aliandika nini kingine. Huyu hakufunzwa kusoma riwaya. Alifunzwa kuijibia maswali.

Lawama hii haimwangukii mwanafunzi peke yake. Mwalimu anapoingia darasani na mwongozo mkononi kabla riwaya yenyewe haijafunguliwa, wanafunzi hutambua papo hapo ni kipi kinachoheshimiwa. Miongozo ina kazi yake, lakini sijapata kumwona mtu aliyelizwa na mwongozo. Kwa hiyo leo nitapendekeza vitabu na filamu nizipendazo mimi, na hapatakuwa na maswali mwishoni.

Ninayoipenda kuliko zote ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Tumo Unguja ya miaka ya 1950, chini ya utawala wa Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa Bwana Raza, mwanamume ambaye kwa umri angeweza kuwa babake. Anapotoroka, jamaa zake mwenyewe wanamkataa, na anayempa hifadhi ni Mwajuma, mwanamke asiye na mali ila moyo mkunjufu. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana anayesakwa na makachero wa serikali kwa sababu ya siasa zake. Mtunzi mwingine angeshikwa na tamaa ya kuhutubu. Adam Shafi anawaacha wanawake hawa wawili wacheke, wagombane na kupatana, nasi tunaufahamu ukoloni kwa kutazama ni nani anayeogopa kuonekana na nani njiani.

Amil Shivji wa Tanzania aliigeuza riwaya hii kuwa filamu, nayo ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Ni filamu ya kupendeza macho, na wahusika wake wanazungumza Kiswahili cha Unguja bila kukionea haya. Hata hivyo haifiki saa mbili, na kitabu ni kinene. Mengi yaliyopita polepole moyoni mwa Yasmin imebidi yapunguzwe. Najua wapo wanafunzi watakaouliza kwa nini wahangaike na kurasa zote hizo ilhali picha ipo. Nawasihi walimu wasikubali hoja hiyo, wala wasiipige filamu marufuku. Darasa lisome kwanza, litazame baadaye, kisha libishane: tukio gani limeachwa, na je, lilistahili kuachwa? Saa moja ya ubishi kama huo itawafunza msuko ni nini kuliko fasili kumi za kukariri.

Wanaodhani filamu za Kikenya ni vichekesho tu nawaelekeza kwenye Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Binti mdogo aitwaye Jo ana maradhi yasiyo na tiba na anatamani kuwa shujaa wa sinema. Kijiji kizima kinaungana kumtimizia. Tayarisheni leso.

Kwa walimu hasa, nasema warejelee Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Wengi waliisoma zamani wakiwa wanafunzi, kwa hofu ya mtihani, wakaiacha hapo. Waisome sasa wakiwa watu wazima, wakumbuke kwamba kosa aliloshtakiwa Karama ni kufundisha: alianzisha elimu ya sheria katika nchi ambayo wakubwa hawakuitaka. Sidhani yupo mwalimu atakayelisoma shtaka hilo asijikune kichwa.

Siku Njema ya Ken Walibora haihitaji kupigiwa debe. Tangu ilipotoka mwaka 1996, Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga anayeingia Kenya kumtafuta babake, amewavuta vijana wengi kwenye Kiswahili kuliko hotuba zetu zote. Walibora alifariki Nairobi mnamo Aprili 2020, akigongwa na matatu. Wanafunzi waliompenda kwa kitabu hicho wanaweza kuendelea na Walenisi ya Katama Mkangi, ambamo mtu aliyehukumiwa kufa anafika katika ulimwengu wenye haki.

Mwalimu mmoja ameniuliza kama Rosa Mistika ya Kezilahabi yafaa shuleni, kwa kuwa iliwahi kuzuiwa katika shule za Tanzania. Nilimjibu kwamba yafaa, kwa wanafunzi wa vidato vya juu. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na yote yanayomfika Rosa baadaye yana mzizi katika kipigo hicho na hofu aliyolelewa nayo. Ningependa wazazi nao wakisome kitabu hicho, ikiwezekana kabla ya siku ya kufunga shule.