Cheo Hurithiwa, Imani Je?



Tukubali tu kwamba tunapenda vyeo. Siku tunapovaa kanzu kwa mara ya kwanza, sisi waseminari hujiona tumekuwa watu wengine. Na parokiani wapo wanaonuna wakitajwa bila "mwenyekiti". Kwa hiyo tutazame cheo kinachopita vyetu vyote: Duke wa Norfolk, wa kwanza kwa heshima kati ya makabaila wa Uingereza wasio wa familia ya kifalme.

Ukoo wa Howard ulipewa cheo hicho mwaka 1483. Duke wa nne, Thomas, alikatwa kichwa kwa uhaini mwaka 1572, enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, na cheo kikafutwa. Mwanawe Philip akarithi cheo cha upande wa mama, Earl wa Arundel, mwaka 1580.

Philip hakuanza kama mtakatifu. Alibatizwa Mkatoliki, akalelewa Kiprotestanti. Alitapanya mali akitafuta upendeleo wa Malkia, akamtelekeza mkewe, Anne. Mwaka 1581, katika Mnara wa London, alimsikiliza mfungwa mmoja, padre Mjesuiti Edmund Campion, akijibu hoja za wapinzani. Maneno yale yalimkaa moyoni. Mwaka 1584 alirudi katika Kanisa Katoliki. Mwaka uliofuata alijaribu kutoroka kwa meli, akakamatwa na kufungwa katika mnara uleule. Humo alikaa miaka 10, hadi alipofariki tarehe 19 Oktoba 1595.

Mwanawe Thomas alizaliwa baba akiwa kifungoni, hawakuonana kamwe. Inasimuliwa kwamba Philip aliahidiwa kumwona mke na mtoto, na kurudishiwa heshima yake yote, endapo angehudhuria ibada ya Kanisa la serikali mara moja tu. Alikataa.

Sasa tumtazame Thomas. Mwaka 1604 alirudishiwa cheo cha baba yake. Baadaye akauacha Ukatoliki, akajiunga na Kanisa la Anglikana. Cheo kilirudi nyumbani. Imani iliyomgharimu baba maisha ikatoka kwa mlango mwingine. Mama yake, Anne, aliyemlea katika imani hiyo, alikuwa bado hai.

Hatumhukumu Thomas, kwani alikua bila baba, na sheria ziliwabana Wakatoliki. Lakini historia yake inatukataza kusema kwa kujiamini, "Nyumba yetu ni ya Wakatoliki tangu babu." Mtu huzaliwa mrithi wa Duke, hazaliwi mwenye imani. Hata Ubatizo, ambao ni zawadi kamili ya Mungu, unamtaka kila mmoja aitikie mwenyewe, kwa hiari, na pengine kwa hasara.

Cheo cha Duke kilirudishwa mwaka 1660, na kipo mpaka leo. Lakini Papa Paulo VI, alipomtangaza Philip mtakatifu mwaka 1970 pamoja na mashahidi wengine 39 wa Uingereza na Wales, hakuutazama ukoo wake. Alitazama "hapana" aliyoisema mfungwa mmoja, siku ambayo "ndiyo" ingempa kila kitu.

Basi wazazi, tuwasimulie watoto imani yetu imetugharimu nini. Nasi waseminari tujiulize: tukivuliwa kanzu, nini kitabaki?

Mtakatifu Philip Howard, utuombee.