Bunduki Haizeeki Kabla ya Risasi Yake

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wakusanyao silaha za kale, kama wengine wakusanyavyo stempu na sarafu. Miongoni mwa silaha wazitafutazo kwa bidii ni bunduki ya silinda, yaani bunduki ndefu ya begani iliyoundwa kwa mfano wa bastola. Nyuma ya mtutu wake pana chuma cha mviringo chenye matundu kadhaa, na kila tundu hubeba risasi yake. Nyundo ivutwapo, chuma hicho huzunguka na kuleta tundu jingine mbele ya mtutu. Kwa macho ya askari wa leo hicho ni chombo cha ajabu, lakini historia yake ina fundisho kwa kila mtu aishiye karibu na silaha, kambini hata nyumbani.

Kabla ya bunduki hiyo, askari alitegemea gobori. Alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia risasi, akafyatua mara moja, kisha akaanza upya huku adui akimkaribia. Mmarekani Samuel Colt alitaka kuiondoa dhiki hiyo. Kuanzia mwaka 1837 kiwanda chake cha Paterson, katika jimbo la New Jersey, kilitoa bunduki za silinda, na mwaka 1838 bunduki 50 zilinunuliwa kwa ajili ya askari waliokuwa wakipigana na Waseminole huko Florida. Kampuni hiyo ya kwanza haikudumu. Hata hivyo Colt hakukata tamaa, na baadaye kiwanda chake cha Hartford kikatengeneza bunduki mpya ya silinda, iitwayo ya mwaka 1855.

Sifa ya bunduki hiyo ilikuwa wepesi wa kufyatua. Aibu yake ilikuwa moto. Kati ya silinda na mtutu palibaki mwanya mdogo, na kila risasi ilipotoka, moto ulipenya mwanyani. Ikiwa baruti ilimwagika, au tundu halikuzibwa sawasawa, cheche ziliweza kuwasha matundu ya jirani, na risasi mbili au zaidi zikatoka kwa pamoja. Kwa bastola jambo hilo lilikuwa baya; kwa bunduki lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa mkono wa kushoto wa askari ulikuwa mbele ya matundu yale. Baadhi ya askari waliiogopa silaha yao wenyewe kuliko walivyomwogopa adui.

Pamoja na hayo, ilionyesha nguvu zake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Tarehe 20 Septemba 1863, huko Chickamauga katika jimbo la Georgia, kikosi cha 21 cha Ohio kilipewa kazi ya kushikilia kilima wakati sehemu kubwa ya jeshi lao ilipokuwa ikirudi nyuma. Wengi wa askari wake walikuwa na bunduki za Colt za risasi 5. Walifyatua zaidi ya risasi 43,000 siku hiyo, na wapinzani wao wakadhani kuwa wanapambana na jeshi kubwa zaidi. Ndipo risasi zilipokwisha. Askari wakapekua mifuko ya wenzao waliouawa na kujeruhiwa. Vikosi vya jirani havikuweza kuwafaa, kwa maana risasi zao zilikuwa za kipimo kingine. Jua lilipokuchwa, zaidi ya 100 miongoni mwao walikuwa mateka.  Bunduki zao zilikosa chakula chake.

Kilichoiondoa bunduki ya silinda uwanjani ni risasi yenye ganda la chuma. Ganda hilo hutanuka wakati wa kufyatua, likaziba njia ya moto, na bunduki za mtutu mmoja zenye hazina ya risasi zikawa na kasi bila hatari ile ya zamani. Kampuni ya Smith & Wesson ilijaribu tena kati ya mwaka 1879 na 1887, ikatengeneza bunduki za silinda 977 tu. Risasi yake ilikuwa ya namna ya peke yake: kichwa cha risasi kilizama chote ndani ya ganda. Leo mwenye kuipata bunduki hiyo hufurahi, lakini mwenye kuipata pamoja na kisanduku cha risasi zake hufurahi mara mbili.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Bunduki ya kale huhesabiwa kuwa pambo kwa sababu risasi yake haipatikani tena. Sheria za wakubwa zimefuata hoja hiyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 huhesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale. Uingereza nayo iliweka orodha ya risasi zilizokwisha wakati wake, na silaha za kale zilizotumia risasi hizo zikaruhusiwa kuwekwa kama pambo bila kibali. Lakini wahalifu wakagundua kuwa risasi iliyokoma kiwandani yaweza kutengenezwa tena kwa mikono, na bastola za makumbusho zikaanza kuua watu mitaani. Ndiyo maana mwaka 2021 Serikali ya Uingereza iliondoa aina 7 za risasi katika orodha hiyo, na wenye silaha zinazozitumia wakatakiwa kupata kibali au kuachana nazo. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko.

Fundisho hili lahusu pia nyumba zisizo na mkusanyaji yeyote. Babu aweza kufariki akaacha gobori darini, au mkulima akafukua risasi zenye kutu shambani. Kutu si ushahidi wa kufa. Fataki za zamani zilitiwa dawa ya zebaki ambayo hulipuka kwa kugongwa. Zipo pia risasi za kale za Kifaransa, za mtindo wa Lefaucheux, zenye msumari mdogo uliochomoza ubavuni. Kuuangusha msumari huo juu ya sakafu yatosha kuilipua risasi.

Kwa hiyo mke wa askari, au mtoto wake, akiona kitu kama hicho asikiguse, asikisugue, asikitupe motoni wala jalalani. Awaondoe watoto mahali pale, kisha taarifa ipelekwe kituo cha polisi kilicho karibu. Na askari mwenyewe, ambaye majirani humwita kwa kuwa yeye ndiye ajuaye silaha, asione haya kusema kuwa risasi hii haijui. Ujuzi wa bunduki ya leo si ujuzi wa bunduki ya mwaka 1855. Silaha na ihesabiwe kuwa hai mpaka mtaalamu mwenye mamlaka aitamke kuwa imekufa.