Saiba zetu zijifunze kusahau

Majuzi niliingia saiba moja Makutano, Meru. Kufungua folda ya faili zilizopakuliwa, nakuta vitambulisho vya watu na fomu za HELB zimejaa. Aki, hiyo si poa.

Dawa ipo, na ni ya bure. Tangu Linux 3.18, Desemba 2014, kerneli ina OverlayFS. Tabaka la chini haliguswi: ukibadilisha faili, nakala yake inaandikwa tabaka la juu, ukiifuta, la juu linaificha tu. Sasa weka hilo la juu kwenye RAM. Mteja akiondoka, zima mashine, washa tena. Alama zake zote zimeenda.

Mimi niliacha chuo. Haya nilijifunza na flashi ya Ubuntu. Wenye saiba wa Meru na Embu, mnangoja nini?